Anti, wanasema nilimtoa baba kafara ndio video zangu zipae

Anti shikamoo,

Hii barua nimeiandika kama mara nne nikifuta, sai ni saa tisa usiku na usingizi haujakuja kwa hivyo wacha niitume tu vile iko.

Niko na miaka 28, nyumbani ni Butere lakini naishi Pipeline hapa Nairobi, orofa ya sita. Kazi yangu ni kontenti. Nilianza 2021 kibarua cha Indaa, kule Industrial Area, kilipoisha, nikatengeneza mtu anaitwa Keateka, yaani keateka wa ploti, nilikuwa namvalisha mavin, ile kofia ya sufu, na kumwekea mto tumboni ndio aonekane mnene, mcheshi sana, anabisha mlango tarehe tano kuulizia kodi halafu anaambiwa aingie akunywe chai na anasahau kilichomleta. Watu walimpenda polepole. Halafu siku moja 2022 nilikuwa na njaa na hasira, Keateka akamtusi mpangaji mmoja, mama wa watoto wanne, juu ya sufuria zake na umaskini wake, hiyo video ikatazamwa na watu laki nne kwa siku mbili. Kutoka hapo hawakutaka ingine. Nikiweka ile ya chai wanakomenti eti Keateka ameokoka, turudishie yule wetu. Nikamrudisha. Mto niliutoa kitambo, sai Keateka ni mwembamba, hacheki, na venye anaongea hata mimi nikijiskiza naogopa kidogo.

Shida ni hatoki. Juzi nilimtusi mama wa chapo hapa chini juu ya shilingi kumi, watu wakacheka wakidhani tunashuti, mama wa chapo hakucheka. Na haikuwa video Anti. Ilikuwa ni mimi tu nanunua chapo.

Sasa kile kilichofanya niandike. Baba yangu alifariki Januari. Alikuwa na kisukari miaka mingi, mguu mmoja ulikuwa umekatwa. Tulikuwa nje ya wodi daktari akatoka akatwambia, na kitu ya kwanza ilikuja kwa akili yangu, nakuambia vile ilikuwa, ni kwamba lile dirisha la korido liko na mwangaza mzuri. Nikatoa simu. Nililia kweli lakini nililia mara mbili, mara ya kwanza simu ilikuwa imeteleza ikashika dari kwa hivyo nikarudia. Watu laki tisa walitazama. Zawadi za laivu ya usiku huo ndio zilinunua jeneza.

Nyumbani maneno ikaanza hata kabla ya mazishi, kwamba huyu kijana ameingia Illuminati, amemtoa mzee. Amu yangu alisema kwa mkutano wa matanga mbele ya watu. Mama hakusema kitu lakini siku hizi ananiita Keateka kama watu wote, na siku moja aliniuliza, hiyo simu yako huwa inakula nini. Rafiki yangu tunaishi naye anasoma sana mambo ya okalti kwa intaneti, ananiambia Keateka ni tulpa, ama egregori, ni kitu nimeumba na mashabiki wanakilisha na kikishakuwa kikubwa kitataka mwili. Nabii mmoja wa huku mtaani anasema nifunge siku saba kavu, bila chakula bila maji, nipande na mbegu ya elfu ishirini. Mganga wa yale mabango ya kwa milingoti ya stima anasema nyota yangu imefungwa anisafishe.

Na kuna kampuni ya kubeti imenipea ofa. Mwisho wa mwezi tunaweka msalaba kwa kaburi la mzee, wanataka Keateka aende pale kaburini adai kodi. Elfu themanini. Niko na deni la nyumba miezi miwili. Wanataka jibu Jumatatu.

Hii kazi ndio inatoa mtu utu ama ni mimi? Ama niliuza roho bila kujua nimeweka sahihi wapi?

Ni mimi, Keateka, Pipeline.

*

Mwanangu, marahaba, na pole sana kwa mzee. Naanza na pole kwa sababu nimesoma barua yako mara tatu na sioni mahali mtu yeyote alikupa, kila mmoja amekuja na lake la kusema na wewe hujapata pa kukaa ulie.

La Jumatatu ni hapana. Keateka haendi kaburini. Nitaeleza sababu lakini hata ukiishia hapa kusoma, hilo ulichukue.

Halafu hukumuua baba yako. Kisukari kilichokwisha kula mguu hakingoji mtu aposti video ndio kimalize kazi. Hao wanaosema umemtoa ninawajua, si wao kwa majina, ile hofu yao ndio naijua. Nilikuwa msichana wa shule 1994 Rais Moi alipounda tume ya kuchunguza uabudu shetani Kenya, mwenyekiti alikuwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti ilipofika bungeni 1999 ikasema mambo hayo yapo hadi mashuleni. Tulilala na taa. Kijana akinunua gari watu wanaulizana ametoa nani, na ukiangalia walioshukiwa sana ni wale ambao kazi yao haikuonekana kwa macho, kwa sababu mchuna chai unaona mgongo wake, mwalimu unaona chaki kwenye mikono, lakini wewe wamekuona umeketi na kisimu, unaongea peke yako, halafu umelipia jeneza la mzee. Amu yako hajui mkesha wa kuhariri ni nini. Mwambie hata serikali imeitambua kazi hiyo, tangu 2023 inakata asilimia 5 ya ushuru kwa pesa za kontenti, na sijawahi kusikia ushuru wa kafara.

Lakini swali la mama yako ni jingine, na hilo silitupi. Simu inakula nini. Mimi nimelelewa Majengo, Pumwani, na bibi yangu alitusimulia mumiani mpaka tukawa hatuendi chooni usiku. Enzi za mkoloni watu wa Nairobi waliamini kuna wanaokamata watu na kuwanyonya damu ikatengenezwe dawa, na walioogopwa zaidi walikuwa wazimamoto, wale wa magari mekundu, hata jina lenyewe la wazimamoto likawa jina la wanyonya damu. Wanahistoria wameandika juu ya hadithi hizo. Hakuna damu iliyonyonywa na zimamoto, hilo sawa, lakini nimekuwa mtu mzima nikaanza kumwelewa bibi. Aliona watu wanachukuliwa na kazi ya mtu mwingine, wanavalishwa sare, wanaingia kwenye gari lililofungwa, wanarudi wamekauka, na huwezi kuona jeraha. Alihitaji jina la hicho kitu. Mama yako naye ameona mwanawe anarudi nyumbani amekauka na simu mkononi, ameuliza kwa lugha aliyo nayo, na ameuliza vizuri kuliko nabii na kuliko mganga.

Sasa huyo rafiki yako na tulpa yake. Namjibu kwa heshima kwa sababu hicho kisa nakijua. Kulikuwa na mwanamke Mfaransa, Alexandra David-Néel, aliyefika Lhasa kule Tibet mwaka 1924, na katika kitabu alichotoa 1929 anasimulia alivyojitengenezea mtawa kwa nguvu ya fikra tu, miezi kadhaa ya kujifungia na ibada, mtawa mfupi, mnene, mchangamfu. Akaanza kumwona. Baadaye yule mtawa akaanza kuonekana bila kuitwa, akakonda, uso ukawa wa dhihaka na wa ubaya, na ilimchukua mama huyo miezi sita ya shida kumyeyusha. Nilipofika pale ulipoandika mto niliutoa kitambo, Keateka ni mwembamba, nilisimama nikaenda nikachemsha chai kwanza.

Sikuambii uamini kwamba kuna kitu kimesimama kona ya chumba chako Pipeline. Nakuambia angalia yule mama alipoteza nini, alipoteza uwezo wa kuamua ni lini mtawa aje. Na kwako ni hivyohivyo ila tofauti ni moja kubwa, yeye alimlisha wake peke yake, wako analishwa na laki tisa. Hilo neno lingine, egregori, linatoka kwa Kigiriki, maana yake wanaokesha, wasiolala, ndio wale malaika walinzi walioshuka duniani kwenye Kitabu cha Henoko, na watu wa okalti wa Ulaya wakaja kulitumia kwa kitu kinachozaliwa na mawazo ya kundi la watu na kuishi kwa kulishwa macho yao. Wanaokesha, mwanangu. Na wewe umeniandikia saa tisa usiku. Kule YouTube ili uanze kulipwa pesa za matangazo kwa video ndefu unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za watu kutazama ndani ya miezi 12, nimekaa nikazigawa, ni zaidi ya siku 166 usiku na mchana za uhai wa watu zinazomiminwa kwako kabla hujaona shilingi. Hizo mashine hazina chuki na wewe, zinapima jicho limekaa wapi kwa muda gani, na jicho lilipokaa kwenye matusi zikasukuma matusi, nawe ukaona namba ukamkondesha Keateka kwa mkono wako. Hakuna mahali uliweka sahihi. Uliitikia tu kila siku, kidogo kidogo, na ndio maana huikumbuki.

Kwa hivyo utu unatoka au hautoki? Mimi nakataa kwamba kuvaa mtu mwingine kunamtoa mtu utu. Marehemu Benson Wanjau, aliyetuacha 2015, alikuwa Mkikuyu na nchi nzima ikamjua kama Mzee Ojwang mwenye lafudhi ya Kijaluo, miaka na miaka kwa runinga ya KBC, barabarani nani alimwita Wanjau? Lakini Ojwang alikuwa na siku yake na saa yake, kipindi kikiisha kimeisha, huwezi kumgongea mlango usiku ukamwambia fanya tena ile. Na hili ndilo ninalotaka ulisikie kutoka kwa bibi yangu, maana aliwahi kunipeleka kwenye ngoma ya pepo nikiwa mdogo, mama yangu akakasirika naye wiki nzima. Kule mtu anayepandwa na pepo anaitwa kiti. Pepo anapanda, anasema kwa sauti yake, anaweza kudai na kutukana, na watu hawashtuki kwa sababu fundi, yule anayeiongoza ngoma, yupo. Fundi anamuuliza, wewe ni nani, jina lako nani, unataka nini kwa huyu. Anamsikiliza, anajadiliana naye kama mtu anayejadiliana na mgeni mkorofi, hiki utapata, hiki hupati. Halafu ngoma inanyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa na hapo ndipo nilipotulia, ngoma iliponyamaza yule mama aliyekuwa ananguruma akafunikwa leso, akapewa maji, na bibi akamwita kwa jina lake la nyumbani mara mbili tatu mpaka akaitika kwa sauti yake. Hakuna aliyeondoka kabla hajaitika.

Wewe ni kiti ambacho ngoma yake hainyamazi. Huna fundi, huna leso, na hakuna anayekungoja uitike. Hata mama yako ameanza kuita pepo badala ya kukuita wewe, maskini, nadhani hata hajui amefanya hivyo.

Na kafara nayo ina adabu yake, waulize wazee wa dini yoyote, mtu anachinja kilicho chake, hachinji cha jirani. Chozi lako ungeweza kulitoa, ni lako, ingawa lile la pili najua bado linakuuma na nadhani litakuuma kwa muda. Lakini kifo cha mzee ni cha mama yako pia, ni cha ndugu zako, na kaburi ni lake mwenyewe, yeye hakusema ndiyo. Kampuni ya kubeti inanunua kwa elfu themanini kitu ambacho huna cha kuuza. Ndiyo sababu ya ile hapana yangu. Waandikie kistaarabu, waambie Keateka anaweza kuwafanyia ploti, kodi, maji, chochote cha ploti, familia haimo. Wakikataa wacha waende. Kuhusu deni nenda uongee na mwenye nyumba ana kwa ana kabla hajakutafuta, mpe hata kidogo ulicho nacho na tarehe unayoweza kuitimiza. Najua Pipeline mlango unafungwa kwa kufuli bila huruma, silichukulii kirahisi hilo, lakini deni la miezi miwili lina mwisho na ile video haina.

Keateka mtafutie sanduku. Nasema sanduku la kweli, la mbao au hata katoni ya maziwa, mavin iingie humo na huo mto uutafute uingie pia. Akipanda apande ukiwa umevaa, siku mbili kwa wiki, saa ulizopanga, ukimaliza vua, funga, oga, na umwombe huyo rafiki yako, maana anakupenda hata kama anakutisha, akuite kwa jina lako mpaka uitike. Afanye kazi ya fundi, itamfaa kuliko kusoma usiku kucha. Na Keateka wa chai mrudishe. Watapungua, wengi tu, pengine nusu, sitakudanganya. Mama wa chapo umwombe msamaha bila simu mfukoni.

Nabii na mganga usiwape hata nauli. Siku saba bila maji si funga, ni kifo, na kule Shakahola 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu walioambiwa njaa itawapeleka mbinguni. Ukitaka kuomba omba na mama yako. Usingizi usipokuja wiki mbili zaidi, au ukiendelea kusikia hiyo sauti bila kuitaka, panda gari ya Thika Road ushuke Mathari, ile hospitali ya afya ya akili, uulize kliniki ya wanaotibiwa na kurudi nyumbani. Watu wa Nairobi wanaliogopa hilo jina bure, pale kuna watu waliosomea kukaa na mtu ambaye msiba umemshika vibaya, na wewe msiba umekushika, mwanangu, umekushika tangu pale kwenye korido na hujaulia hata mara moja bila kujitazama.

Nenda Butere siku mbili kabla ya msalaba. Simu ikae kwa begi. Muulize mama kama ile video ya hospitali ibaki au ifutwe, na atakalosema lifanye siku hiyohiyo. Kisha mwambie, mama, niite jina langu.

Umeniandikia barua ndefu na mwisho ukaweka sahihi ya Keateka, mimi bado sijui nimeongea na nani. Ukirudi niandikie tena, weka jina alilokupa mzee. Sitalichapisha.